Mchora Meli na Mifuko Minne ya Mchanga

Kwaru, kwaru, kwaru. Jogoo alikuwa bado hajawika, na sauti hiyo ndogo ilitoka sebuleni. Ilikuwa sauti ya kisu kikichonga penseli. Mwanangu Venanti alikuwa ameamka, ameketi kando ya kibatari, anachonga penseli zake nne moja baada ya nyingine mpaka zote zikawa na ncha kali kama miiba ya mchungwa.

Mjukuu wangu Maximilla aliinua kichwa kitandani. "Bibi, mjomba ameshaanza kazi?"

"Ameanza. Nawe amka, mtungi hauna maji."

Maximilla alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Mama yake, binti yangu Odilia, alikuwa muuguzi mjini Kibondo, hivyo mtoto aliishi nami kijijini, upande wa Kasulu, karibu na Mto Malagarasi. Kila asubuhi alichota maji, akafagia uwanja, akala kiporo cha ugali wa muhogo na maharage, kisha akashuka mtoni na wenzake. Shule ya kijiji chetu iliishia darasa la nne. Kuanzia la tano, watoto walivuka mto kwenda kusoma ng'ambo, upande wa Kibondo.

Wakati wa kiangazi kuvuka si kazi. Lakini masika mto hufurika mpaka ndani ya mafunjo, na safari moja ya kuvuka huchukua karibu saa nzima. Mitumbwi yetu miwili ilibeba watoto sita kila mmoja. Waliovushwa mwisho walifika shuleni wakati wenzao wanatoka kwenda mapumziko. Mwaka huo, 1976, watoto wa kuvuka walikuwa ishirini na wanane, na wazazi kadhaa walishaanza kusema kwamba ni afadhali wa darasa la tano wabaki nyumbani wakalime.

Ndiyo sababu Venanti alikuwa anachonga penseli. Kijiji kilimwomba achore mashua moja kubwa ya kuwavusha watoto wote kwa mara moja, na kuchora vyombo vya majini ndiyo kazi yake.

Watu wengi hushangaa Muha wa milimani alijuaje meli. Huku kwetu tunajua maharage, muhogo na ndizi. Nami nilikuwepo tangu mwanzo, basi nitaeleza.

Venanti alipokuwa na miaka tisa alivuka Malagarasi na shangazi yake, wakipeleka maharage kwa ndugu zetu. Katikati ya mto, siku ambayo haikuwa na upepo hata wa kutikisa jani, mtumbwi ulipinduka. Mvushaji aliitwa Pasikali, kijana mwenye nguvu wakati ule. Alimtoa mtoto, akamtoa shangazi, akarudi majini akaokoa na gunia moja. Kisha akamfunika mwanangu kwa shuka lake mwenyewe. Venanti alitetemeka ndani ya lile shuka, akauliza, "Mbona jana haukupinduka?"

Wazee waliokuwa ukingoni wakasema ni mizimu ya mto. Mtu mwingine angempiga kofi mtoto anayeuliza maswali wakati watu wamelowa. Pasikali hakufanya hivyo. Alimwambia, "Sijui, mwanangu. Ukijua, uje uniambie."

Alipofika miaka kumi na minane, Venanti alikwenda Kigoma kwa miguu kutafuta kazi. Bandarini walimpa kazi ya kukwangua kutu kwenye meli za ziwani. Siku moja, wakati wa chakula, fundi seremala mmoja wa Ujiji aliyeitwa Saidi alimkuta anachora meli kwa mkaa kwenye kipande cha ubao. Hakumfukuza. Kesho yake alimletea karatasi na rula, akaanza kumfundisha kusoma michoro ya mafundi. Ni Saidi huyohuyo aliyemshika mkono akampeleka kwa mhandisi, na mhandisi akaandika barua Dar es Salaam. Mwaka 1960 mwanangu alipanda meli kwenda kusomea uchoraji wa meli Uskoti, nchi ya baridi kaskazini ya Uingereza, ambako meli hujengwa kandokando ya mto.

Huko alipanga chumba kwa mama mmoja mjane. Yule mama alipomwona anatetemeka mlangoni, alifungua kabati akampa koti la marehemu mumewe. Barua ya kwanza niliyopata kutoka Uskoti ilikuwa ya lile koti. Habari za chuo alizileta katika barua ya pili.

Miaka mitano alinakili michoro ya watu wengine mchana katika kampuni ya kujenga meli, na jioni akasoma. Baadaye wakampa achore chumba kimoja cha meli, kisha upande mmoja, na mwaka 1969 wakamkabidhi meli nzima, ya kuvusha watu na magari kati ya visiwa. "Na kondoo pia, Mama," aliniandikia. Alipata kazi ya kudumu, akaoa, Uskoti ikawa kwake. Kufikia 1976 alikuwa amechora meli kumi na moja. Mchora meli hapigilii msumari. Yeye huamua meli iwe na upana gani, kina gani, ibebe mzigo kiasi gani, na zaidi ya yote, isipinduke.

Baada ya miaka kumi na sita alikuja likizo ya wiki nane. Siku ya pili tu aliniambia, "Mama, nataka kumwona Pasikali."

Tulikwenda pamoja, na Maximilla nyuma yetu. Pasikali alikuwa mzee sasa, lakini bado alikuwa mvushaji. Walisalimiana kikwetu, wakipiga makofi polepole kwa muda mrefu. Kisha Venanti akasema, "Mzee, nimekuja kukujibu. Mtumbwi ulipinduka kwa sababu uzito ulikuwa juu. Siku ile shangazi hakukaa chini. Alikaa juu ya magunia."

Mzee Pasikali alimsogelea. "Juu ya magunia?"

"Juu kabisa. Mzigo ukiwa chini, mtumbwi unasimama. Ukipanda juu, unatafuta pa kulala."

"Ala!" Mzee akapiga paja lake. "Miaka thelathini naisingizia mizimu ya watu, kumbe ni shangazi yako!"

Tulicheka mpaka machozi. Mwenyekiti wa kijiji, Longinus, alikuwa anasubiri kuvuka, akasikia yote. Yeye alikuwa mtu wa utani. "Venanti," alisema, "Waskoti umewachorea kumi na moja. Sisi ndugu zako hatupati hata nusu?"

Mashua ilianzia hapo. Vijana walipasua mbao za mninga. Fundi alikuwa Nsabimana, aliyekimbia Burundi mwaka 1972 na kupewa shamba kijijini kwetu. Kwao alikuwa akijenga mashua za wavuvi ziwani, na mikono yake haikusahau. Sisi wanawake tulisokota pamba ya kuziba nyufa kati ya mbao. Venanti alichora, Nsabimana akajenga, na kila jioni wawili hao walikaa wakibishana juu ya ubao mmoja kama wazee wawili juu ya mpaka wa shamba. Baada ya wiki sita mashua ilishuka majini. Ilikuwa nzuri. Hata mimi niliyeogopa mto maisha yangu yote niliigusa kwa mkono.

"Sasa tutaiuliza inaweza kubeba watoto wangapi," Venanti alimwambia Maximilla.

"Tutaiulizaje, mjomba, nayo haina mdomo?"

"Kwa uzito. Ndani tutatundika timazi, ile kamba yenye jiwe ambayo fundi hunyooshea ukuta. Tutahamisha mfuko wa mchanga kutoka upande mmoja wa mashua hadi wa pili. Mashua itainama kidogo, kamba itasogea, nami nitaweka alama iliposogea. Kisha mfuko wa pili, wa tatu, mpaka wa kumi na mbili. Nikijua uzito wa mifuko na umbali wa alama, hesabu inanijibu. Lakini kila mfuko lazima uwe kilo thelathini kamili. Siyo ishirini na tisa, siyo thelathini na moja. Wewe ni hodari wa hesabu. Kazi hii ni yako."

Maximilla alitoka pale anatembea kama ameambiwa ashike bendera.

Ijumaa baada ya shule walimpa mizani ya ghala la kijiji aipeleke mtoni, mpaka saa kumi tu. Rafiki yake Kudra alikwenda kumsaidia. Kudra alikuwa binti wa mwalimu aliyehamishiwa kwetu kutoka Tabora, naye alikuwa darasa la tano. Yaliyotokea pale mtoni niliyajua baadaye, kutoka kwa wasichana wenyewe.

Mifuko minane ya kwanza waliipima vizuri. Lakini watoto wengine walikuja kutazama, na Maximilla akaanza kumsifu mjomba wake.

"Meli ya mjomba ni ndefu kuliko kijiji hiki chote," alisema.

"Uongo!" mvulana mmoja alimcheka. "Muha na meli, wapi na wapi? Huko Ulaya hakuna watu, mpaka wamchukue mla maharage?"

"Hakuna anayejua kama yeye! Akikosa mjomba wangu, Waskoti wote wanakaa chini wanalia."

Watoto walicheka, naye akaendelea kusimulia, meli zikizidi kurefuka. Alipokumbuka mizani, mtunza ghala alikuwa ameshakuja kuichukua. Mifuko minne ilikuwa bado mitupu.

"Tumwombe mjomba wako aizuie mizani kidogo," Kudra alisema.

"Nimwambie kwamba nilikuwa napiga domo? Hapana. Hukuona? Debe moja la mchanga ni kilo thelathini, mara nane zote. Tutajaza kwa debe."

Kudra alijaza debe, akalipangusa juu kwa kijiti likawa sawasawa.

Maximilla akamcheka. "Ninyi watu wa mjini mna mkono mgumu! Unapima kama muuza duka. Bibi yangu akikuona atakufukuza."

Hapo mtoto alisema kweli. Kwetu, anayempimia mwenzake maharage halipangusi debe. Hulijaza mpaka liwe na kichwa kama kichuguu, kisha akaongeza konzi moja ya mkono, ya upendo. Kupima sawasawa ni choyo. Hayo nilimfundisha mimi mwenyewe, tangu alipoanza kushika kikombe. Basi Maximilla alijaza madebe manne yenye vichwa, akaweka na konzi juu yake. Na kwa kuwa mchanga mkavu ulikuwa umekwisha, alichota uliolowa, pembeni mwa maji. Kisha akaandika kwa mkaa kwenye kila mfuko: 30.

Jumamosi asubuhi kijiji kizima kilikuja mtoni. Venanti aliingia mashuani na Nsabimana na vijana wawili. Wakahamisha mfuko wa kwanza, timazi ikasogea, Venanti akaweka alama. Wa pili, wa tatu, mpaka wa nane. Alama zilipangana vizuri kama meno ya chanuo. Niliona mwanangu anatabasamu.

Mfuko wa tisa ulipohamishwa, kamba iliruka kuliko mwanzo. Wa kumi ikaruka tena. Venanti aliacha kutabasamu. Ulipofika wa kumi na mbili, aliamuru mifuko irudishwe, na kazi ikaanza upya kwa mpangilio uleule. Majibu yakawa yaleyale.

Alimwita Maximilla ukingoni. "Mwanangu, mifuko yote kumi na miwili ilipimwa kwenye mizani?"

Watu wote walikuwa wanasikiliza. Wale watoto wa jana walikuwa wanasikiliza. Maximilla alisema, "Ndiyo, mjomba. Yote."

"Asante," Venanti akajibu, wala hakuuliza tena.

Jioni alitueleza. Mashua ile, kadiri ilivyoinama ndivyo ilivyozidi kulegea. Mashua ya namna hiyo ikijaa watoto si salama. "Nimekosea mahali fulani katika mchoro," alisema. "Nitatafuta." Jumapili nzima na Jumatatu nzima alifanya hesabu zake upya, karatasi baada ya karatasi. Nsabimana alikuja akapima mbavu za mashua moja moja kwa kamba, akasema kwa upole, "Bwana Venanti, mbao zimefuata mchoro wako bila kupotoka hata unywele. Labda kosa ni la mkono wangu, nami silioni." Walikuwa wawili, na kila mmoja alitaka kubeba kosa ili mwenzake apumzike.

Kijijini maneno yalianza. Kisimani nilimsikia mama mmoja akisema, "Miaka kumi na sita Ulaya, anarudi kutuchongea beseni!" Nilijitwisha ndoo yangu nikaondoka, lakini maneno yale nilikwenda nayo nyumbani.

Maximilla hakula Jumapili. Jumatatu alisema tumbo linamuuma, nikampa maji ya majani ya mpera. Aliyanywa yote bila kukunja uso, nikajua tumbo halimuumi. Mtoto anayeumwa tumbo kweli hulalamikia uchungu wa dawa. Nilitaka kumbana, kisha nikajizuia. Nilimwambia tu, "Ukiwa na neno, mimi nipo jikoni." Akainama, akaendelea kuchambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa.

Jumanne mwenyekiti Longinus aliitisha mkutano kwenye uwanja wa shule. Venanti alisimama mbele. Alikuwa amevaa koti lake zuri, lakini mabega yalikuwa ya mtu aliyechoka.

"Ndugu zangu," alisema, "mashua hii isibebe zaidi ya watoto kumi na wawili. Mlitaka ishirini na wanane. Kosa si la fundi Nsabimana. Ni langu. Nilichora vibaya, na nawaomba radhi."

Watu wakanong'ona. Longinus hakuwa na utani siku hiyo. Alifungua karatasi, akasema kwamba masika yakianza mitumbwi haitavusha tena watoto, na mashua itavuka mara moja tu asubuhi, hivyo watakaovuka ni kumi na wawili tu. Waliobaki wangoje mwaka ujao, au wangoje tu. Kisha akasoma majina. Jina la kwanza lilikuwa la Maximilla, kwa kuwa alikuwa wa kwanza darasani. Akasoma mengine kumi na moja. La Kudra halikuwemo.

Kudra alimgeukia Maximilla. Hakuwa na hasira, na hakusema lolote juu ya madebe, kwa sababu hakuwa amefikiri kwamba madebe yana neno. "Si kitu," alisema. "Ukirudi kila siku utanifundisha mlichosoma."

Maximilla akasimama.

"Mjomba hakukosea," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, akairudia kwa nguvu. "Mjomba hakukosea! Mifuko minne mimi sikuipima. Nilijaza kwa debe. Nilikuwa najisifu mpaka mizani ikaondoka, halafu nikasema uongo."

Longinus alikunja karatasi yake. "Mtoto huyu! Unajua umelifanyia nini jina la mjomba wako? Unajua—"

"Mwenyekiti, nakuomba," Venanti alimkatiza. Alikwenda akachuchumaa mbele ya Maximilla, macho yao yakawa sawa. "Mifuko ipi?"

"Ile minne ya mwisho."

"Ya tisa, kumi, kumi na moja na kumi na mbili. Debe la namna gani? Lililopanguswa?"

"La... la nyongeza, mjomba. Lenye kichwa. Na mchanga ulikuwa umelowa."

Venanti alifunga macho kidogo. Kisha akainuka kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, akapaza sauti: "Leteni mizani!"

Walileta mizani na mifuko palepale. Mfuko wa tisa ulikuwa kilo thelathini na tisa. Wa kumi, thelathini na nane. Wa kumi na moja, arobaini. Wa mwisho, thelathini na tisa. Nsabimana alicheka kwa furaha, akampiga Venanti mgongoni mpaka miwani ikateleza.

Na mimi nikasimama, maana haki haikuniruhusu kukaa. "Mwenyekiti, kichwa cha debe ni kosa langu. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba kupima sawasawa ni choyo."

"Mama," Longinus akasema, na utani wake ukarudi, "kama wote wangekuwa na mkono wako, ghala la kijiji lingekuwa limefilisika zamani." Watu wakacheka, na ule ugumu uliokuwa uwanjani ukalainika.

Adhabu ya Maximilla ilikuwa kupima mifuko yote kumi na miwili upya, kwa mkono wake, mchanga mkavu mtupu. Kudra alitaka kumsaidia, Venanti akamruhusu ashike mdomo wa mfuko tu. Walimaliza jua linashuka. Maximilla aliongeza kwa kijiko na kupunguza kwa kijiko, ulimi ukiwa nje, na hakuna aliyepiga domo.

Jumatano mashua iliulizwa tena. Mfuko wa kwanza, alama. Wa pili, alama. Wa nane. Wa tisa ulipohamishwa, timazi ilisogea kama ilivyosogea kwa wa kwanza, wala haikuruka. Wa kumi, wa kumi na moja, wa kumi na mbili. Alama zote zilikaa kwa nafasi moja mpaka mwisho. Venanti alikaa mashuani akapiga hesabu juu ya goti lake. Aliiandika mara mbili, akaichungulia, akainua kichwa.

"Watoto ishirini na wanane," alisema, "na wavushaji wawili. Wakikaa chini!"

Vigelegele vilianza upande wetu, vikajibiwa ng'ambo, kwa sababu watu wa Kibondo nao walikuwa wamesimama kutazama. Mzee Pasikali aliingia mashuani, akasimama katikati akicheza, mpaka Venanti akamfokea, "Mzee, nimesema wakikaa!" Naye akaketi upesi huku anacheka. Yule mama wa kisimani alikuja akanishika mkono. "Nilisema vibaya juu ya mwanao," aliniambia. Nami nikamshika wa pili, yakaisha.

Watu walipotawanyika, Venanti alimkalisha Maximilla kwenye ukingo wa mashua, na mimi nikakaa karibu.

"Nina neno nawe," alisema. "Nimechora meli kumi na moja, na hakuna hata moja niliyoijenga peke yangu. Kila moja inatokana na namba nilizoletewa na mtu mwingine. Yupo aliyepima chuma, yupo aliyepima mafuta, yupo aliyehesabu viti. Wakiniambia wamepima, mimi naamini, na watu mia tatu wanapanda meli na watoto wao. Safari hii kosa lako liliifanya mashua nzuri ionekane mbaya. Tuliumia, lakini hakuna aliyekufa. Kama mifuko ile ingepungua badala ya kuzidi, mashua mbaya ingeonekana nzuri. Ningekuwa nimerudi Uskoti nakunywa chai, na wewe na Kudra mko katikati ya mto wakati wa mafuriko. Unaona?"

"Naona, mjomba."

"Kutopima ni uvivu, na uvivu unarekebishika kwa saa moja. Ungeniambia Ijumaa, tungeomba mizani, basi. Kusema umepima wakati hukupima, hilo ndilo linalozamisha watu. Na mimi nimekosa. Nilipaswa kuipima tena mwenyewe. Niliacha kwa sababu ni wewe uliyeniambia."

Maximilla alianza kulia. "Sasa hutaniamini tena."

"Nani amesema? Ulisimama mbele ya kijiji kizima, jina lako limeshasomwa, nafasi yako iko salama, ukajishtaki. Nimefanya kazi na wakubwa wenye ofisi na makatibu ambao hawakuweza kufanya hivyo. Kuna siku nitahitaji mtu wa kunipimia. Nitataka mtu wa namna yako."

Kisha akanigeukia. "Na wewe, Mama, usiache nyongeza yako. Maharage wape watu na kichwa chake. Ila mtoto ajue kwamba namba haihurumiwi. Ukiiongezea kwa upendo au kuipunguza kwa woga, ni uongo uleule."

"Nimesikia," nikasema. Hata bibi hufundishwa na mwanawe, na mimi sikuona aibu. Niliona fahari. Upande mmoja alikaa mwanangu aliyejulikana nchi za mbali, upande wa pili mjukuu wangu mwenye macho mekundu, na sikujua ni yupi aliyenijaza moyo zaidi.

Jumamosi Venanti aliondoka. Lori la kwenda Kasulu lilisimama barabarani, na kutoka hapo angekwenda Kigoma kupanda treni. Kudra alileta karanga za njiani. Nsabimana alimpa kijiko cha mninga alichochonga mwenyewe, ampelekee mke wake. Mzee Pasikali alikuja na fimbo yake, akamwambia tu, "Sasa sina swali tena. Nimebaki bure."

Miaka kumi na sita kila barua niliyomwandikia iliisha hivi: sisi wazima, usijali, fanya kazi yako. Nilidhani mama mwema hamwombi mtoto kitu. Niliona nikimwambia kwamba namkumbuka nitamvuta shati wakati anapanda ngazi. Lakini nilikuwa nimemwona mtoto wa miaka kumi na miwili akisema kweli mbele ya kijiji, pamoja na woga wake wote, na hakufa. Basi lori lilipowasha moto, nikaushika mkono wake dirishani.

"Venanti, huwa nakuandikia kwamba usijali. Si kweli. Kila mwaka natazama barabara hii. Uje tena unitembelee, mwanangu, na usikae miaka kumi na sita."